Panga la Bibi Shamba

Joanitha Rwekaza alikuwa bibi shamba wa Kanazi kwa mwaka wa pili, na kama kuna kitu alichokijua kuliko wenzake wote, basi ni mnyauko wa migomba. Hata redioni aliwahi kuitwa akaeleza: ukimaliza kukata mgomba mmoja, pitisha panga motoni kabla hujagusa mwingine, maana ugonjwa huu husafiri na chuma. Alieleza vizuri, tumpe haki yake. Shida yake ni kwamba kila mkulima ambaye migomba yake ilipatwa na mnyauko, yeye alimwona mvivu au mjinga, na wala hakujitahidi kuficha.

Mzee Rutaihwa alikutana na ukali huo mwezi wa tatu. Nusu ya migomba ya kibanja chake ilikuwa imeugua, na Joanitha akaamuru migomba hiyo yote iondolewe siku ileile. Mzee hakubisha. Aliomba tu aachiwe hadi kesho ile minne iliyozunguka kaburi la mkewe, aikate mwenyewe. Joanitha akatazama saa.

"Mzee, migomba ni migomba tu. Utapanda mingine."

Vijana wa kijiji wakaanza kukata, mzee amesimama kando, kofia mkononi. Joanitha naye akashika panga lake akawasaidia ili kazi iishe upesi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na alitaka kwenda Nshamba kumwona mama yake. Kazi ilipokwisha alilifuta panga kwa majani, akalitia kwenye begi la pikipiki, akaondoka.

Mama yake, Alistidia, alikuwa mjane, na Joanitha ndiye mtoto wake wa pekee. Siku hiyo alimpikia ndizi na maharage, akamtaka apumzike. Lakini Joanitha hakutaka kukaa kitini kama mgeni. Akachomoa panga, akapogoa migomba kuanzia jikoni, akashuka mstari mzima hadi kwenye kaburi la baba yake, na hapo akakata mkungu wa kwenda nao Buhembe, mjini Bukoba, alikopanga chumba. Mama akamsifu kwamba elimu haikumfanya asahau kazi za nyumbani. Joanitha aliondoka amejaa raha.

Mwezi wa tano mama akapiga simu. Migomba inageuka njano, alisema, na aliyeleta balaa hilo anamjua. Ni Datius, jirani aliyekuwa akimsaidia palizi tangu mumewe Rwekaza afariki, ambaye panga lake huzunguka vibanja vya watu. Mama alikwisha kumpiga marufuku asikanyage kwake, na hata kanisani padri akisema watu wapeane amani, yeye humgeuzia Datius mgongo.

Joanitha alifika Nshamba Jumamosi iliyofuata akiwa na hasira zake kamili na maneno ya kumwambia Datius. Kwanza akakagua. Mgomba wa jikoni ulikuwa umenyauka, na alipouchanja ukatoa utomvu wa manjano. Wa pili vilevile, na wa tatu. Upande wa barabarani, ambako Datius alikuwa akifanya kazi miezi yote hiyo, migomba ilikuwa ya kijani, mizima kabisa. Iliyougua ilifuata mstari mmoja tu, kutoka jikoni mpaka kaburini, bila kuruka hata mmoja.

Pale kaburini akageuka kuutazama mstari ule. Njia hiyo aliijua, kwa kuwa ni yeye aliyeipita. Akalikumbuka panga lililotoka Kanazi, ambalo halikuona moto.

Akaketi juu ya saruji ya kaburi la baba yake, akalia. Hakulilia migomba peke yake. Alimwona mzee Rutaihwa na kofia yake mkononi, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimjibu, sauti ya mtu mwenye haraka, na akaichukia. Kisha likamjia wazo baya. Datius alikwisha kubebeshwa lawama. Bibi shamba aliyepeleka mnyauko kwao, habari hiyo ingefika Bukoba kabla yake, na nani angemsikiliza tena? Alikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri.

Mama akamkuta hapo. Akauliza kama si Datius.

"Si Datius, mama. Ni mimi."

Akamweleza yote. Mama alisikiliza huku akiutazama mgomba wa kaburini, ule ambao mumewe aliupanda mwaka waliooana.

"Usimwambie mtu," alisema hatimaye. "Mimi nitaacha kumsema, yataisha. Wewe una kazi, mwanangu. Yeye ana nini cha kupoteza?"

Maneno hayo yalimuumiza Joanitha kuliko kama angetukanwa. Yalitoka kwa mtu anayempenda, na yalifanana mno na yale aliyoyasema yeye Kanazi.

"Ana jina lake, mama. Kama mimi."

Wakaenda wote wawili. Datius alikuwa uani akipukuchua mahindi. Joanitha alisema akiwa amesimama, maana alihofu akiketi atashindwa kumaliza, na mama akaomba radhi kwa sauti ya chini sana. Datius akasugua viganja vyake.

"Waitu, mwenzetu, mimi nilikusikia redioni," alimwambia Joanitha. "Tangu siku ile panga langu haliingii kibanja cha mtu kabla sijalipitisha motoni. Mama yako nilimwambia, hakuniamini."

Hakusema kwa hasira, na Joanitha angeona afadhali angekasirika.

Mchana huohuo Datius alikuja. Akawasha moto pembeni mwa kibanja, akapitisha panga lake, kisha akanyoosha mkono kuomba la Joanitha. Wakakata kuanzia jikoni, na kila mgomba ulioanguka mama aliusindikiza kwa kuguna kidogo. Walipokaribia kaburi Datius akasimama.

"Hii ya baba yako tukuachie hadi kesho?" aliuliza. "Labda ungependa kuikata mwenyewe."

Joanitha alitaka kumshukuru. Kilichotoka ni kilio, na Datius, ambaye hakujua lolote kuhusu Kanazi, akadhani ni kwa ajili ya marehemu.

Jumatatu alfajiri Joanitha alienda Kanazi kabla ya kufika ofisini. Mzee Rutaihwa alikuwa ameketi mlangoni, mbele yake uwanja mtupu na kaburi la mkewe limebaki juani peke yake. Alipoiona pikipiki ya bibi shamba akainuka haraka, akavua kofia. Joanitha akamsihi aivae, akamsihi aketi. Mzee aliketi, lakini kofia aliendelea kuishika mkononi mpaka Joanitha alipomaliza kumwomba radhi kwa ile migomba minne na kwa maneno aliyomjibu siku ile.