Visima vya Gredi ya Tano

Mwalimu Kathini aliposikia lori la kuzoa mchanga liko njiani, hakungoja kengele. Alimfunga mtoto wake mgongoni kwa leso, akawaambia Gredi ya Tano waache vitabu, wabebe majembe na vikombe vya uji, wateremke naye mtoni.

Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu ukingo hadi ukingo. Lakini chini ya mchanga huo ndiko shule ilikotoa maji. Mzee Nthiwa, mwenyekiti wa bodi, alitaka mchanga uuzwe ndio shule ipate geti la chuma.

"Leo tunasoma kutunza maji," Kathini akasema. "Kila mmoja achimbe kisima. Ukiona maji, zungushia miiba kama nyumbani."

Hapo hawakuhitaji mwalimu. Huku Kasikeu kisima chenye miiba kina mwenyewe. Jirani anaweza kukukopa mbuzi akasahau kumrudisha, lakini kisima chako hatakigusa.

Lori lilikuta mto wote umejaa visima. Gedion, dereva, akashuka akiangalia huku na huku.

"Madam, nipite wapi sasa?"

"Mahali hakuna kisima."

"Hakuna."

"Basi umejijibu."

Wapakiaji wakacheka. Mzee Nthiwa akateremka kwa upande wa pili wa lori. "Gedion, pita. Hizi ni michezo za watoto."

"Tangulia wewe, Mzee, utoe miiba. Mimi mama yangu huchota mto huu. Siwezi kuambiwa nilikanyaga kisima ya mtu."

Nthiwa akasogelea kisima cha kwanza. Ndani alikuwamo Wavinya, mjukuu wake, akitoa maji ya tope kwa kikombe ili yaliyo safi yaingie.

"Umau," akamwambia babu yake, "usikaribie sana. Kitaporomoka."

Mzee akarudi nyuma. Hasira yote akaipeleka kwa Kathini. "Wewe uliandikwa na bodi. Kuanzia leo, huna kazi hapa."

Kathini alikuwa amesomea kazi hii jioni baada ya jioni, mimba ikiwa kubwa, akisinzia juu ya vitabu. Akavuta leso, akakaza fundo.

"Sawa, Mzee. Lakini kipindi hiki nitamaliza."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya hawa wenye visima." Akamgeukia dereva. "Gedion, rudisha hiyo lori nyuma. Hapo umesimama, Gredi ya Sita watachimba kesho. Kama si mwalimu, nitakuja nao kama mzazi."

Gedion akamtazama Mzee, akamtazama Kathini, kisha akapanda akawasha injini. Lori likaanza kurudi kinyumenyume, wapakiaji wakimpigia kelele asigonge ukingo.

"Haya," Kathini akawaambia watoto, "nani hajafikia maji?"