Wenzako Wamesemaje?

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Mahitaji, maana kila swali la uchumi alilijibu kwa mahitaji na ugavi. Jina likanoga, naye akalizoea. Ila mwaka ule hitaji lake lilikuwa moja tu: makala yake ikubaliwe na jarida kubwa la ng'ambo. Isipokubaliwa, chuo hakimwongezei mkataba. Jarida la hapa nyumbani je? Thubutu! Kamati ya mikataba ilitazama jina la jarida tu, kama mtu anayekula kwa jina la hoteli, chakula chenyewe shauri yako.

Kila jioni dada yake alipiga simu. "Wenzako wamesemaje?" Neno hilo, "wenzako", Bi Mahitaji ndiye aliyemfundisha: makala husomwa kwanza na wenzako, wajuzi wa fani yako.

Jibu lilikuja mchana, yuko peke yake ofisini, kiti cha mgeni kimejaa mafaili. Makala ilieleza kwa nini wauza nafaka wa soko moja hawapandishi bei wakati wa njaa. Msomaji wa kwanza aliisifu. Wa pili aliandika mistari miwili: soko dogo, halimhusu mtu; tena mwandishi, ni wazi, hajawahi kukanyaga soko la namna hiyo. Imekataliwa.

Lo! Mtu aliyelelewa chini ya meza ya mama yake, katikati ya magunia ya soko lile lile! Alicheka, kicheko kikageuka kilio, na hapakuwa na wa kumwambia pole.

Jioni simu ikalia.

"Wamekataa, dada."

"Kwani wanakujua?"

"Hawaruhusiwi. Majina yanafichwa."

"Asiyekujua hakuthamini. Na wewe unawajua?"

"Siwajui."

"Makubwa! Sasa ni wenzako kwa lipi?"



Kabla mkataba haujaisha, jarida lile lile, bila haya, likamwomba apime makala ya mtu mwingine, jina limefichwa. Angeweza kulipiza. Lakini makala ilikuwa nzuri, juu ya wasuka mikeka wa mahali asipopajua, na upweke wa mwandishi aliusikia. Akaanza ripoti: "Mwenzangu, nimekusoma. Pole na kazi."

Mhariri akairudisha: maoni mazuri, ila mwandishi hasalimiwi.

Akafuta "pole na kazi". Akafuta "nimekusoma". Kwenye neno "mwenzangu" mkono ukagoma.

Mfagizi akachungulia mlangoni. "Mko wangapi humu, nifunge?"

"Niko peke yangu," akasema, akalifuta.