Kinda la Kipanga wa Kaya

Vifaranga wote wa Mbodze waliishia kuchani mwa kipanga wa Kikoneni. Mwaka ule wa bendera mpya watu waliomba mvua na mashamba. Mbodze aliomba kisasi. "Mola, yule umempa kucha. Nami nipe subira."

Kiota kilikuwa juu ya mti ndani ya Kaya, msitu mtakatifu wa wazee, na ndani ya Kaya hapamwagwi damu ovyo. Lakini kinda akishatoka kwenye himaya ya wazazi wake, huyo ni ndege wa porini tu, hana mwenyewe. Basi Mbodze akawa analima huku sikio lake liko Kaya.

"Mzungu kaondoka, wewe bado unatawaliwa na ndege!" jirani yake Jumwa akamcheka.

"Cheka, mwenzangu. Nataka mama mtu amsikie mwanawe akilia, kama kuku wangu alivyolia."

"Na siku ya kinda kuhama utaijuaje?"

"Maadamu analia na kuletewa, bado yu kwao. Siku atakapolia akapigwa, ndiyo hiyo."

Ikafika. Asubuhi moja mama alimvamia mwanawe, manyoya yakapeperuka, akamfukuza hadi nje ya Kaya, kwenye mihogo ya Mbodze. Hapo Mbodze alikuwa amemfunga tembe, kuku mdogo wa pekee aliyemsalia, kando ya tanzi. Kinda kwa njaa akashuka kizembe, mguu ukanaswa.

Mbodze akaja mbio na panga. "Lia! Mwite mamako!"

Kinda akalia, na mama akaja kweli. Moyo wa Mbodze ukaruka kwa furaha. Kipanga akashuka kama jiwe, akampita mwanawe bila kumtazama, akamnyakua tembe, kamba ikakatika, akarudi zake Kaya.

Jumwa aliyekuwa ugani akashika kiuno. "Umesubiri mno, dada. Huyo si mwanawe tena."

Mbodze akamtazama kinda. Naye kinda alikuwa akitazama Kaya, macho ya manjano yakiwaka. Mbodze akaweka panga chini, akaenda jikoni, akarudi na vipande vya samaki.

"Unamlisha mwizi?"

"Kula, baba, ushibe," Mbodze akamwambia ndege, akimlegezea tanzi mguuni. "Nenda ukakomae. Kisha rudi umnyang'anye mamako msitu ule."

Akainua mikono. "Amina."