Bakuli la Mwalimu Mokua

Kiharusi kilipompiga Mwalimu Mokua, mwaka wa tisini na sita, kilimchambua maneno kama mtu anayechagua mchele, ila kikatupa mchele na kubakiza mawe. Kilichukua Ekegusii chote, lugha yake ya mama. Kilichukua Kiswahili. Kilichukua hata jina la Bathsheba, mke aliyezeeka naye. Kikamwachia misemo ya Kiingereza ya michezoni, ile aliyowakaririsha wanafunzi wa Homa Bay mpaka wakaichukia.

Na ajabu ni kwamba Mwalimu hakuwahi kucheza chochote. Mechi zilichezwa Jumamosi, na yeye, Msabato wa kweli kweli, Jumamosi alikuwa kanisani. Ndondi, kriketi, tenisi, yote aliijua vitabuni tu.

Wageni walifurahi. Mwanafunzi wa zamani akiingia na kumwuliza hali, Mwalimu hujibu, "I won't throw in the towel," ule msemo wa ndondi wa kukataa kushindwa, nao hucheka huku wakifuta machozi. Bathsheba, muuza ndizi asiyejua Kiingereza, alikaa pembeni na wivu wake. Alitamani Mungu angemwachia mumewe hata neno moja la kumwambia yeye.

Lakini wivu haukuwa kitu. Kilichomnyima usingizi ni chakula. Hospitalini walimwambia mgonjwa asipokula, nguvu hazitarudi. Kila jioni alimlisha ugali wa wimbi na mchuzi wa samaki ngege, tonge kwa tonge. Mwalimu alikula tonge moja, akalisukuma bakuli kwa mkono wake mzima, akasema, "The ball is in your court." Kisha akafumba mdomo. Bathsheba alibembeleza, akaimba nyimbo za kanisani, siku moja hata akagomba. Wapi. Akaamini kwamba mumewe ameamua kufa, na moyo ukamuuma vibaya. Bakuli lilirudi jikoni, naye, ambaye tangu aolewe hakuwahi kula kabla mumewe hajashiba, alilifunika akalala na chai.

Jumapili alikuja Filister, fundi wa nguo ambaye Mwalimu alimfundisha shuleni. Akamkuta Bathsheba ameshika tonge, analia waziwazi.

"Hataki kula, mwanangu. Ananisukumia bakuli tu, na kusema hayo maneno yenu."

"Maneno gani, mama?"

Hakuhitaji kujibu. Mwalimu aliyasema mwenyewe, akilisukuma bakuli mpaka likagusa kifua cha mkewe.

Filister alimgeukia Bathsheba. "Mama, hiyo ni ya tenisi. Alitufundisha. Mtu akishapiga mpira, anangoja mwenzake naye apige. Mwalimu anakuambia ni zamu yako."

"Zamu yangu ya nini?"

Filister alilishika gauni la Bathsheba begani, akalivuta, kitambaa kilicholegea kikamjaa mkononi. "Hii nguo nilikushonea mwaka jana tu, na ilikukaa sawa. Saa hii angalia vile inakuning'inia. Mama, wewe umekula lini?"

Bathsheba alilitazama tonge mkononi mwake. Kula mbele ya mume mgonjwa, tena kutoka bakuli lake! Mama mkwe angesikia, angefufuka amgombeze. Hata hivyo alilichovya lile tonge kwenye mchuzi, akalitia kinywani mwake, akatafuna polepole, macho chini kwa haya.

Alipoinua uso, Mwalimu alikuwa amefungua mdomo, anangoja zamu yake.