Ng'ombe wa Dafroza

Tangu Dafroza azikwe, ng'ombe wake alikataa katakata kumpa mumewe, Athanas, maziwa. Athanas alimkatia majani mabichi, akamchanjia mgomba laini, akamleta ndama aanze kunyonya kama ilivyo desturi. Wapi! Akigusa tu chuchu, ng'ombe anabana maziwa. Akizidi kubembeleza, teke, kibuyu kule. Majirani pale Uru mlimani walicheka hadi wakashika mbavu. Kwao kukamua ni kazi ya wanawake, na mgane mwenye kibuyu mapajani ni sinema ya bure.

Asubuhi moja akapita Sirili, balozi wa nyumba kumi, yule aliyeshika vibali vya sukari na kujua mwenyewe sukari inaishia nyumba gani.

"Hebu toka hapo, utamng'oa chuchu," akasema.

Akachuchumaa, akampigapiga ng'ombe ubavuni, akapiga mluzi mdogo. Maziwa yakashuka na povu lake. Hata hakuitazama mikono yake.

Athanas alipokea kibuyu bila asante. Mwanamume mzima, tena balozi, amejifunzia wapi kukamua?

Ijumaa alikwenda darasa la watu wazima, kwa kuwa asiyekwenda jina lake lilipelekwa kwa wakubwa. Mwaka huo wa 1974 kila mtu alitakiwa ajue kusoma, hata aliyekosa unga. Mwalimu Beatrice, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, aliweka herufi kando akawasimulia saikolojia, elimu ya kueleza kwa nini mtu anatenda anayotenda.

"Wataalamu wenyewe hawapatani," alisema. "Wapo wanaosema tabia ni mazoea. Ukigonga debe kila unapowapa kuku mahindi, kesho gonga debe tupu uone, watakuja mbio. Wengine wanasema hapana, mtu anasukumwa na mambo ya utotoni aliyoyafukia moyoni, hata mwenyewe hayajui. Wengine wanatazama fikra: wawili wanaona jambo moja, kila mmoja analielewa kivyake. Na wapo wanaosema mtu huongozwa na haja zake. Chakula, usalama, kupendwa."

"Na Chama kinasemaje?" mama mmoja akauliza, darasa zima likaangua kicheko.

Athanas hakucheka. "Mwalimu, na ng'ombe je?"

"Ng'ombe, mzee? Hapo ni mazoea tu. Anashusha maziwa kwa mkono alioujua."

"Kuujua mkono ni siku ngapi?"

"Wiki nyingi, mzee. Pengine miezi."

Zile elimu nyingine zote Athanas aliziacha palepale kwenye benchi. Aliondoka na moja. Miaka minane, hadi msiba ulipomrudisha, alikuwa akikata miwa kule chini tambarare, anapanda nyumbani Jumamosi jioni, anashuka Jumapili baada ya misa. Wiki nzima mkewe peke yake, na balozi jirani. Akakumbuka kwamba wakati watu wanakunywa chai kavu, kwake sukari haikukosekana. Wivu ukamkaba kama mwiba wa samaki. Umemwonea wivu marehemu, sasa utamgombeza nani? Alipita kaburini pale mgombani asisimame, asiombe.

Jumapili alimkuta Sirili akipunguza matawi ya mibuni.

"Balozi, umeanza lini kumkamua ng'ombe wangu?"

Sirili akashusha mkasi. "Tangu Pasaka."

Dafroza alifariki Novemba. Athanas alihesabu miezi kwa vidole. "Basi mlikuwa na yenu, wewe na mke wangu."

"Usimtukane marehemu."

"Nakutukana wewe."

"Mkeo vidole vilikuwa havikunjiki, Athanas! Hata kushika kibuyu alikuwa hawezi. Zahanati walimpa vidonge vya kichwa, wakamwambia arudi dawa zikija. Nikaomba gari kwa wakubwa."

"Wakasemaje?"

"Gari ni la mikutano."

Lori la kupandisha hotuba mlimani lilikuwapo. La kushusha mgonjwa, hapana. Athanas alilijua hilo, lakini halikuwa ndilo lililomleta.

"Jumamosi nilikuwa nakamua mapema, naweka kibuyu ndani kabla hujafika," Sirili akaendelea. "Wewe unakuja, unakunywa, unasema ng'ombe leo ametoa. Naye mikono ameifunika na kanga. Ile sukari ilikuwa ya uji wake, mwisho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita kooni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha kwa rozari. Alisema ukijua utaacha kazi, na kule wakishaandika mtu mwingine, wewe hurudi tena."

Athanas alitamani ingekuwa ile dhambi aliyokuja akiishuku. Hiyo angeimaliza kwa ngumi, au angeipeleka kwa padri. Lakini huyu mtu alikuwa na miezi saba ya Dafroza ambayo mumewe hakuwa nayo hata siku moja. Yeye alipewa Dafroza wa Jumamosi, aliyetabasamu na kuficha mikono. Yule wa kweli alikuwa wa balozi.

"Alikuwa analia?"

"Siku nyingine."

"Akilia anasemaje?"

"Athanas, nenda nyumbani ukapumzike."

"Ni mke wangu, Sirili! Nyie wenye mamlaka kila kitu mnakigawa kwa kibali, hata hili? Nipe."

Sirili alimtazama, kisha akasogeza kigoda kwa mguu. Athanas akakaa, macho makavu, wivu ukiwa ungali umemkaa kooni.

"Anza na Pasaka," alisema. "Na usiruke hata siku."