Aliyezikwa Kwenye Kanda

Filister alifika Kegonga na kamera ndani ya kikapu, ameifunika kwa leso kama mtu anayempelekea shemeji kuku. Alikuwa anamtafuta Walter. Mwaka wa tisini na nne wao wawili walianzisha kampuni ya filamu pale Homa Bay. Walter alishika kamera na kuigiza alipohitajika. Filister alifanya yale mengine yote: kuomba ruhusa kwa chifu, kuazima nguo, kupikia waigizaji, kutuliza waliokasirika.

Filamu yao ya kwanza ilihusu mvuvi aliyezama ziwani, mwili usionekane, akazikwa, kisha siku moja akarudi kubisha mlango wa mama yake. Walter ndiye mvuvi. Kilibaki kipande hicho tu, cha kubisha. Bila hicho, miaka miwili ilikuwa imekwenda bure.

Makosa yalianzia kaburini. Kwa Wajaluo, mtu asipopatikana huzikwa tunda la yago badala yake. Kwa vile hakuna boma lililokubali kuchimbwa, walichimba kwao Walter. Akina mama walioitwa kulia walipewa jina la kubuni, lakini kilio kilipokolea wakalisahau. Wakamlilia Walter, mwana wa Onyango, kwa jina lake. Walter aliinua uso kutoka kwenye kamera, ameshtuka. Filister akampungia mkono: endelea. Kilio kilikuwa kizuri mno.

Tunda likafunikwa udongo. Jioni mjomba wa Walter akasema aliyezikwa kwa jina lake haingii tena langoni. Mama yake, Marcella, akamwekea chakula nje, uso ameugeuza. Walter akaondoka, akaja huku Kegonga kwa Wakuria, ambako hakuna aliyemlilia.

Sasa alikuwa akipiga picha za vitambulisho kando ya duka.

"Huku hawajui kama nilikufa," alisema akicheka kidogo. "Juzi wamenialika hata harusi."

"Omera, ndugu yangu, ni mlango tu. Dakika moja. Tutatumia mlango wangu, si wa kwenu."

"Na mama akiiona? Si ataona maiti inabisha?"

"Nitamweleza."

"Siku ile si ungeeleza, dada yangu? Ulinipungia mkono."

Filister aliinamia kikapu chake. Walter alimwonea huruma, akainuka kumwitia chai. Akampa mgongo, akaubisha mlango wa nyuma wa duka. "Mama Nyamoita! Nina mgeni hapa!"

Mgongo ule, mkono ule mlangoni, jua limekaa vizuri. Betri ilikuwa imejaa. Mkono wa Filister uliingia chini ya leso, ukaishika kamera. Walter akabisha tena. Hakugeuka. Filister akautoa mkono mtupu, akaulaza magotini hadi chai ikaja.

Wakanywa. Walter hakumuuliza habari za nyumbani, na yeye hakumwambia.

Mwezi uliofuata Filister alionyesha filamu Oyugis, kwenye ukumbi wa kukodi, peke yake na jenereta. Ilikoma kwenye kilio. Watu wakabaki wamekaa, wakingoja. Mwishowe mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, akamfuata alipokuwa akikunja nyaya.

"Kwani yule kijana hakurudi?"

"Hakurudi," Filister alisema.

"Na mama yake?"

"Yuko tu."

Yule mwanamke akaguna, akamfunga mtoto vizuri, akatoka. Filister akaendelea kukunja nyaya.