Taa ya Barazani

Kitambuzi cha mlango, kifaa cha kutoa taarifa ukifunguliwa, hakikuzidi ukubwa wa kiberiti, na kwa mara ya saba kilipepesa mwanga mwekundu, kikagoma kuingia kwenye mtandao. Fundi wa mitandao alikilaza juu ya meza ya kulia, akakitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeficha dalili.

"Kimenuna?" mama yake aliuliza.

"Vifaa havinuni, mama. Kuna sababu, ila sijaiona."

"Baba yako naye husema hivyo hivyo. Akirudi muulize."

"Baba alifariki. Mwaka wa pili huu."

Alilisema bila ukali, kama anayesahihisha hesabu. Aliamini kwamba ukweli ni dawa, na dawa haingoji mgonjwa aipende. Mama alikunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua. Tangu asubuhi alikuwa amefiwa mara tatu.

Mara mbili mwezi huo majirani walimkuta barabarani jioni, hajui aendako. Dada mkubwa, aliyeishi mji mwingine, hakuzunguka mbuyu: "Funga hivyo vidude vyako, mdogo wangu, na taarifa zake zije kwangu pia. Akitoka peke yake hata mara moja, Jumatatu nampeleka kwenye nyumba ya wazee."

Sababu aliipata baada ya saa sita mchana. Ruta, kisanduku cha kusambaza intaneti nyumbani, ilirusha mawimbi ya aina mbili chini ya jina moja: ya kasi, yanayochoka mbele ya kuta, na ya polepole, yanayofika hadi uani. Simu yake ilikuwa imeshika yale ya kasi; vifaa vidogo vilijua yale ya polepole tu. Vilikuwa kama watu wawili wanaoitana kutoka vyumba tofauti.

Akatenganisha mawimbi, kila moja kwa jina jipya na neno la siri jipya. Katika orodha ya zamani ya vifaa alikuta kifaa kimoja kisicho na jina, namba tupu. Akakifuta. Hakupenda kuacha takataka nyuma ya kazi yake. Kufikia jioni vitambuzi vyote vilikuwa vya kijani, naye akaenda uani kukaza cha mwisho, cha mlango wa nyuma.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni, simu ilitetemeka mfukoni. *Mlango wa mbele umefunguliwa.*

Kilichomjia kwanza, na baadaye alikionea aibu, kilikuwa furaha. Kinafanya kazi! Kisha akatupa bisibisi, akakimbia.

Alimkuta ng'ambo ya barabara, kandambili miguuni, ameikabili nyumba.

"Taa haijawaka," mama alisema. "Baba yako huiwasha saa kumi na mbili na nusu. Nimeona giza, nikasema leo kuna jambo. Nimetoka kumtafuta."

Fundi aligeuka. Baraza ilikuwa nyeusi. Ile balbu siku zote aliidhani ya kawaida. Kumbe mzee aliinunua ya kuwashwa kwa mtandao, akaipangia saa yake, kisha akafa, nayo ikaendelea kuamka kila jioni. Ile namba tupu aliyoifuta. Akakumbuka jambo jingine: jioni zote mbili mama alipookotwa barabarani, mtaa ulikuwa umekatikiwa umeme.

Dada alipiga simu kabla hawajaingia ndani. "Nimeona. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja, ametoka."

"Kosa ni langu, dada. Nimeizima taa ya baba." Akamweleza yote: balbu, saa, zile jioni mbili za giza. "Hazururi. Anatoka taa isipowaka tu."

Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Na umeme utaacha kukatika lini, mdogo wangu?"

Dada akakata simu.

Aliketi mbele ya ruta. Angeweza kuunda mtandao wa tatu juu ya mawimbi ya polepole, wenye jina na neno la siri la zamani, balbu ikarudi yenyewe. Jina alilikumbuka. Neno la siri alikuwa amelifuta bila kulinakili, yeye anayewakaripia wateja kwa kosa hilo hilo.

"Unatafuta nini?"

"Neno la siri la zamani, mama. Si kitu, huwezi ku..."

"Sifuri nne, sita sita, moja tisa, nane mbili." Alizikariri kwa sauti nzito isiyo yake, kidole juu, kama mzee alivyokuwa akiwatajia wageni. "Na usimpe jirani, ana watoto saba!"

Akacheka peke yake. Fundi aliandika tarakimu hizo, moja moja, herufi za skrini zikimchezea machoni.

Zilipita kama dakika mbili. Kisha mwanga wa njano ukamwagika barazani, bila mkono wa mtu.

"Huyo," mama alisema. Akaenda akafungua mlango wa mbele, akauacha wazi, akarudi kupanga vikombe. Vitatu. "Mwambie baba yako chai inapoa."

Ukweli ulikuwa mdomoni mwa fundi, tayari, hauna kosa hata moja.

"Nitamwambia," alisema.

Simu ilitetemeka mezani. *Mlango wa mbele uko wazi: dakika moja.* Huko mji mwingine, simu ya dada ilikuwa ikisema maneno hayo hayo. *Dakika mbili.* Baridi iliingia, ikagusa mvuke wa vikombe. *Dakika tatu.* Aliisogeza simu pembeni, akavuta kiti, asikalie kile cha baba kilichokuwa mkabala na mlango.